Kwenda Komoro kwa mashua: soma kwanza umri wa kisiwa, ndipo ushushe nanga

Swali: Shikamoo nahodha. Mimi na mume wangu tuna mashua ya tanga ya futi 38 hapa Tanga. Tumeshakwenda Pemba, Unguja, Mafia, na mara moja Kilwa. Mwezi wa Oktoba tuna likizo ya wiki 3 na tunataka kuvizunguka visiwa vya Komoro, vyote vinne, pamoja na watoto wetu wa miaka 9 na 14. Tunaambiwa ni visiwa vya volkano na kutia nanga kule ni kazi. Je, wiki 3 zinatosha? Tulale wapi? Na tukishuka nchi kavu tufanye nini cha maana? Mdogo amesema lazima aogelee na nyangumi.

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Neno hilo lishike, maana Komoro utalitumia kutwa kwa kazi nyingine: kule "marahaba" ndiyo asante. Mtu akikuuliza "bariza?", mjibu "ndjema." Kingazija, Kimwali, Kinzuwani na Kimaore ni ndugu wa damu wa Kiswahili, na sikio la mtu wa Tanga huanza kuokota maneno siku ya pili. Wageni wengi wanaofika na mashua hutegemea Kifaransa. Nyinyi mtapokewa kama jamaa waliokawia njiani.

Wiki 3 hazitoshi visiwa vinne kwa chombo kinachotoka Tanga na kurudi Tanga. Vitatu vinawezekana, lakini si kwa njia unayoifikiria. Tuanze na bahari.

Komoro iko kusini-mashariki yetu, na kusi linatoka huko huko. Mkondo mkuu wa bahari unaokuja kutoka mashariki hufika pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, ukagawanyika: tawi moja linashuka Msumbiji, jingine linapanda kwetu kuelekea kaskazini. Kwa hiyo kutoka Tanga hadi Mtwara mtakuwa mnapanda mto, na kutoka Mtwara hadi Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, mkondo utakuja tena usoni. Tanga hadi Mtwara ni zaidi ya maili 300 za baharini, na Mtwara hadi Moroni, mji mkuu ulioko Ngazija, ni kama 200. Chombo cha futi 38 kinachokwenda noti 5 kikikutana na mkondo wa noti 2 kinabaki na 3. Piga hesabu mwenyewe: wiki nzima itakwisha watoto hawajaona hata moshi wa kisiwa, na watakuwa wametapika mpaka wachukie bahari. Sitaki watoto wachukie bahari.

Ningekuwa nyinyi, mume angetangulia na chombo mwishoni mwa Septemba pamoja na mabaharia wawili wazoefu. Washuke pwani kwa vituo, walale Mafia na Kilwa, kisha Mtwara wakamilishe karatasi za kutoka nchini: uhamiaji, forodha na bandari. Kule watakakofika wataulizwa ruhusa ya bandari waliyotoka. Wangoje siku ambazo kusi limechoka. Oktoba huanza tanga mbili, upepo haujui wapi pa kwenda, na hapo mashine ikisaidiana na tanga maili zile 200 hupita kwa siku mbili hivi. Kwa hiyo beba dizeli ya kutosha. Na tangu Mtwara, shikeni kilindi. Msiingie kujificha upande wa kusini wa mto Ruvuma hata kama hali imechafuka. Usalama wa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililoko huko, ulivunjika tangu 2017 na si mahali pa familia kutafuta hifadhi. Ikichafuka, geuzeni, upepo utawarudisha Mtwara.

Wewe na watoto pandeni ndege Dar es Salaam hadi Moroni, safari isiyofika saa 2, mkutane huko. Kurudi ndiko kutamu: Moroni hadi Dar es Salaam ni chini kidogo ya maili 400, na safari hii mkondo unawasukuma na upepo, ukija, unakuja tezi au ubavuni. Hapo familia nzima ipande. Siku 3 na usiku wake, na mkubwa wako apewe zamu ya usukani alfajiri. Ila msikawie kupita katikati ya Novemba. Msimu wa tufani wa Bahari ya Hindi kusini-magharibi huhesabiwa tangu 15 Novemba hadi mwisho wa Aprili, na Komoro haiko nje ya njia yake. Tufani Kenneth ilipita jirani kabisa na Ngazija Aprili 2019.

Sasa nanga, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko pengine pote.

Visiwa hivi vinne vilitoka chini ya bahari kwa moto, lakini havikutoka pamoja. Ngazija ndiyo mdogo, Maore (Mayotte) ndiyo mkubwa wa umri, Mwali (Moheli) na Nzuwani (Anjouan) wako katikati. Kisiwa kikizaliwa kinakuwa mlima mtupu unaoshuka wima hadi kilindini. Mvua ikikipiga maelfu na maelfu ya miaka, hukatika mabonde, mito hushuka na mchanga, ghuba huchimbika. Matumbawe nayo hujenga pembeni, na mlima unapozidi kudidimia kwa uzito wake, mwamba ule hubaki mbali na ufuo na kuacha maji yaliyotulia katikati. Basi ukijua umri wa kisiwa, umeshajua nusu ya ramani: kama kuna mahali pa kushika nanga, kama kuna maji ya kunywa, kama kuna mchanga au jiwe jeusi. Watu hufika Ngazija wakitafuta ghuba kama za Pemba. Hazipo, na hazitakuwepo kwa muda mrefu.

Niliwahi kulipia somo hilo. Nilitia nanga upande wa magharibi wa Ngazija katika pima 7, nikaona mchanga mweusi chini, nikaridhika. Sikupima nyuma ya chombo. Usiku umande, upepo wa nchi kavu, ulishuka kutoka mlimani, ukatusukuma nje kidogo, na nanga ikateleza kwenye ukingo ikaanguka. Niliamshwa na kimya: mnyororo ulikuwa unaning'inia wima, hakuna kinachoshika, na taa za kijiji zimekuwa punje. Upepo ulikuwa wa kutoka nchi kavu, kwa hiyo tulikuwa tunasukumwa kilindini. Ungekuwa wa kwenda ufukweni, nisingekuwa nakuandikia haya. Tangu siku ile, Ngazija sitii nanga usiku, naitia jua likiwa juu, napima kwa mduara mzima wa chombo kitakapozunguka, na hakuna usiku ambao watu wote wanalala.

Bandari ya Moroni yenyewe ni ndogo na ya maji mafupi; majahazi huingia, meli kubwa hungoja nje na kupakua kwa mashua. Ongea na wenye bandari kabla ya kusogea, na ukumbuke kwamba bamvua hapo huzidi mita 3. Mkapata nafasi, kaeni usiku 4 au 5, mmoja wa mabaharia abaki chomboni kila usiku.

Ukuta huo wa chini ya maji unaotunyima nanga ndio makazi ya gombesa. Wewe ni mtu wa Tanga, habari hii ni yako. Samaki yule ambaye wataalamu walidhani ametoweka pamoja na madainosari alipatikana Afrika Kusini 1938, na wa pili akavuliwa Nzuwani Desemba 1952. Wavuvi wa Komoro walishamjua zamani, wana jina lake, na hawakumthamini kwa chakula. Mwaka 1987 Hans Fricke na wenzake walishuka kwa nyambizi ndogo wakampiga picha akiwa hai kando ya Ngazija, zaidi ya mita 100 chini. Halafu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wakaanza kumtoa kwenye nyavu zao, mpaka ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Watoto wako wameishi jirani na gombesa maisha yao yote. Wasimamisheni ukingoni mwa jiwe jeusi la Ngazija, waambieni: jamaa zake wako hapa chini, mlangoni tu.

Nchi kavu, mji wa Moroni unatembeleka kwa miguu. Msikiti wa zamani wa Ijumaa kando ya bandari, wenye matao meupe, ulianza kujengwa 1427. Vichochoro vilivyo nyuma yake vitakukumbusha Mji Mkongwe, na si ajabu, Wangazija wamekuwa wakikaa Unguja vizazi na vizazi. Soko la Volovolo lipo kwa mahitaji ya jikoni. Pitieni makumbusho ya kituo cha taifa cha nyaraka na utafiti, wanachokiita CNDRS, na hapo hapo muulize hali ya mlima, kwa kuwa kituo hicho ndicho chenye wapimaji wanaoiangalia Karthala, volkano ya Ngazija.

Karthala ina mita 2,361 na bado iko hai. Ililipuka mara 2 mwaka 2005, ikarudia 2006 na 2007. Mwaka 1977 lava ilitoka chini chini ubavuni ikafunika kijiji cha Singani. Kuupanda kwa kawaida ni siku 2 na mwongoza njia, wengi huanzia Mvuni, juu ya Moroni. Mkubwa wako wa miaka 14 anaweza kama ana miguu ya kutembea. Mdogo wa miaka 9 abaki chini, nakuomba. Si mlima wa kupandia kamba, ila ni mrefu, jua la mchana ni kali, usiku baridi inauma kweli, na njiani hakuna maji. Narudia: hakuna maji. Kila mtu abebe lita 5. Mvua Ngazija ni nyingi mno, lakini jiwe lake ni changa na lina vitundu, linayanywa yote, kisiwa kizima hakina mto wa kudumu. Watu hukinga maji ya mvua kwenye matangi, na mlipuko wa Novemba 2005 ulipomwaga majivu, maji hayo ndiyo yaliyoharibika kwanza. Kwa sababu hiyo usitegemee kujaza matangi ya chombo Ngazija. Jazeni Mtwara, halafu Nzuwani.

Ukifika ukingoni mwa kasoko, shimo lake lina upana wa kilomita 3 kwa 4 hivi, na ndani kuna vishimo vingine. Lala juu, uamke kabla ya jua. Siku ikiwa safi utaviona visiwa vingine vimekaa juu ya mawingu, na hapo utaelewa kwa macho habari ya umri niliyokueleza: nyuma yako mlima mtupu, mbele yako milima iliyolika.

Ngazija hadi Mwali ni safari ya mchana mmoja. Ng'oeni nanga alfajiri, maana mchana upepo huongezeka kati ya visiwa. Na Mwali, mwanangu, ndipo nataka mkae. Mpeni usiku 7, hata 8. Ni kisiwa kidogo, mlima wake mrefu haufiki mita 800, watu wake ni wachache, na umri wake umeshaleta kila kitu unachohitaji: mabonde ya kijani, vijito, mikoko kidogo, mchanga mweupe, matumbawe. Upande wa kusini, mbele ya kijiji cha Niumashuwa, kuna visiwa vidogo vimetawanyika, na nyuma yake ndipo mahali pangu ninapopapenda pa kutia nanga katika Komoro yote. Tafuteni mchanga, msiangushe chuma juu ya tumbawe. Eneo hilo ni hifadhi ya bahari tangu 2001, ya kwanza nchini humo, ilianzishwa kwa kushirikiana na vijiji, na mwaka 2020 kisiwa chote kilitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya viumbe hai na mazingira. Lipeni ada, ongeeni na walinzi, watawaonyesha pa kukaa. Kusi likirudi ghafla, mawimbi huingia upande huo. Sogeeni demani ya kisiwa kimojawapo, upande usiopigwa na upepo, na lisipotulia hameni kwenda Fomboni, kaskazini.

Asubuhi mchukue kihori mkaogelee kwa miwani kwenye visiwa hivyo. Kasa watakuwepo, wanakula majani ya bahari bila haraka. Nguva nao wapo, ila wamebaki wachache sana, sitakuahidi. Mchana pandeni msituni na kijana wa kijiji mkamwone popo wa Livingstone, mweusi, mabawa yake yakikunjuliwa hufika karibu mita moja na nusu. Popo huyo anaishi Mwali na Nzuwani tu, duniani kote. Hulala ananing'inia kwenye miti mikubwa ya mabondeni, na miti hiyo ikikatwa hana pa kwenda. Upande wa mashariki kuna ziwa la kasoko, Dziani Bunduni, tulivu, limezungukwa na msitu. Siku moja nzima inastahili.

Na Itsamia. Kijiji hiki kiko pembe ya kusini-mashariki, na fukwe zake hupandwa na kasa wa kijani mwaka mzima. Wanakijiji wenyewe waliamua kuwalinda, wakaunda chama, na ndio wanaowapeleka wageni usiku. Laleni kwenye vibanda vya kijiji badala ya kurudi chomboni. Fedha inabaki pale pale, na watoto watakula mataba, kisamvu cha nazi kama cha kwetu lakini mkono ni mwingine. Usiku huo zimeni tochi. Kasa akitoka majini ni mwoga, kivuli tu kinamrudisha. Kaeni chini, kimya, mpaka aanze kutaga. Hapo kiongozi atawasogeza kwa nyuma yake na taa nyekundu. Mayai mia moja hivi, meupe kama mipira ya tenisi ya mezani. Kisha hufukia, hulisawazisha tundu kwa mapezi yake, hurudi baharini akihema. Mtoto wako wa miaka 9 atakumbuka kule kuhema. Miezi miwili baadaye vifaranga hutoka, na mkibahatika kuwakuta alfajiri wanakimbilia maji, msiwabebe mkononi. Waacheni watembee wenyewe.

Nzuwani nitaipita haraka, usiku 3 zinatosha. Mutsamudu ina gati la maji marefu, ni bandari ya kweli, na hapo ndipo pa kujaza maji na mafuta. Kisiwa hiki kimeshakatwa na mito, na mito hiyo ndiyo iliyokuwa ikizivuta meli za Kiingereza zilizokuwa zikienda India karne ya 17 na 18. Zilikuja kujaza mapipa, kama mtakavyofanya. Pandeni kwenye ngome iliyo juu ya mji wa kale, mizinga bado ipo. Kisha tafuteni mahali wanapokamua mafuta ya langilangi. Maua huchumwa asubuhi na mapema, hupikwa kwa mvuke saa nyingi, na harufu inakukaa kwenye nguo siku mbili. Muulize mwenye tanuri kuni zinatoka wapi. Milima ya Nzuwani imenyolewa kwa mashamba na kuni, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Inaniuma kila ninapofika, kwa sababu niliyoyasema juu ya maji ya Nzuwani huenda mjukuu wako asiyakute.

Maore iacheni safari hii. Ina wangwa mpana kuliko wote, salama kwa nanga, uzee wake umeupa mwamba unaouzunguka karibu wote. Lakini ni Ufaransa kiutawala, mkoa kamili tangu 2011, na Komoro inakidai kuwa chake. Mnahitaji viza ya Kifaransa iliyoombwa mapema, na tufani Chido ya Desemba 2024 ilikivunja vibaya. Kuna jambo moja tu la kumsimulia mkubwa wako: nilikuambia Maore ndiyo mzee, lakini kilomita 50 mashariki yake volkano mpya kabisa imezaliwa chini ya bahari. Matetemeko yalianza Mei 2018, meli ya utafiti ikaikuta 2019, ina urefu wa zaidi ya mita 800 kutoka sakafu ya bahari. Imepewa jina Fani Maore.

Mengine ni madogo. Ripotini kwa mamlaka kila kisiwa, hata kama mmeshagongewa mihuri Moroni. Bebeni euro taslimu. Faranga ya Komoro imefungwa kwake, euro 1 ni kama faranga 492, na Mwali msitegemee kadi. Nguo za kuogelea ziishie majini na kwenye mchanga usio na watu; kijijini kanga na kanzu zenu za Tanga zinatosha kabisa. Ijumaa mchana msipange shughuli.

Amebaki mdogo na nyangumi wake. Nyangumi wa nundu hupanda kutoka bahari za kusini kuja kuzaa na kunyonyesha hapo kati ya Julai na Oktoba, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba bado mtawakuta mama na ndama, hasa Mwali. Lakini asiingie majini nao. Mama anayenyonyesha hali chakula huku kwetu, anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo, na kila akikimbia chombo anayapunguza. Ndama naye anajifunza kuruka, mkia wake haujui mtoto wa mtu yuko wapi. Mkiwaona, shusheni tanga, wekeni mashine katika gia huru, msiwakate njia, mkae mbali mita mia kadhaa mkingoja. Mara nyingi wao ndio husogea. Kisha mpe mdogo sufuria la bati alizamishe nusu majini kando ya chombo, atie sikio ndani. Madume yakiwa karibu yanaimba, na atasikia.